Umio Uliopotea Njia

Katika mwaka 1940 mpasuaji mmoja wa mji wa Boston, Marekani, jina lake Thomas Lanman, alichapisha katika jarida la wapasuaji wenziwe taarifa ya watoto wachanga 32 waliozaliwa na umio usiofika tumboni, na msomaji aliyeifuata taarifa ile toka mwanzo hata mwisho hakukuta humo mtoto mmoja aliyeokoka. Si desturi ya wanadamu, sembuse matabibu ambao heshima na riziki yao hutegemea sifa za waliopona, kuyahesabu maziko yao hadharani. Aghalabu kushindwa huachwa kulale katika madaftari ya hospitali mpaka karatasi ziliwe na mchwa. Lanman aliyatoa yote nje, akaeleza yaliyojaribiwa na yaliyokwama, na juu ya msiba huo wote akathubutu kutoa rai kwamba siku itakuja ambapo mtoto wa namna hii, akifikishwa angali na nguvu mikononi mwa mtu mwenye ujuzi, ataishi. Nami katika habari zote za maradhi haya naiona taarifa ile ya vifo kuwa na thamani sawa na taarifa ya ushindi iliyoifuata, kwa maana bila ya hiyo wengine wangalikuwa wanaanza upya kila mmoja kwa kosa lile lile.

Ili uzito wa jambo lenyewe upimike, yafaa kwanza kujua mahali pake mwilini. Nyuma ya kinywa zipo njia mbili zinazoshuka pamoja shingoni na kifuani: mbele ni bomba la hewa, gumu kwa pete zake za gegedu, liendalo mapafuni, na nyuma yake, umeegemea uti wa mgongo, ni umio, njia laini ya nyama inayopeleka chakula tumboni. Asili ya mbili hizi ni moja. Kiasi cha wiki ya nne ya mimba, wakati ambapo mama wengi hawajajua bado kwamba wamebeba, kiinitete huwa na mfereji mmoja tu ambao huanza kujitenga, upande wa mbele ukawa wa pumzi na upande wa nyuma ukawa wa chakula. Utengano huo ukikosa taratibu yake, umio wa juu hukomea kifuani ukawa kifuko kisichotokea upande wa pili, na umio wa chini, badala ya kuungana na mwenziwe, hufunguka ndani ya bomba la hewa kwa tundu ambalo matabibu huliita fistula, jina ambalo wasomaji wa Afrika ya Mashariki wamelizoea zaidi katika habari za akina mama walioumizwa na uzazi wa taabu. Hivyo ndivyo walivyo watoto takriban 85 katika kila 100 wenye kasoro hii. Wengine umio wao umekatika bila tundu lolote, na wachache, kiasi cha 4 katika 100, umio wao ni mzima toka juu hata chini ila umetobokeana na bomba la hewa pembeni, nao hao huweza kukaa miezi au hata miaka wakikohoa kila wanywapo, wakitibiwa kichomi mara kwa mara, kabla mtu hajatambua chanzo.

Kwa jumla mtoto mmoja kati ya kila 3,000 hadi 4,500 wanaozaliwa huja duniani na kasoro hii, na katika wengi wao hakuna mwingine katika ukoo mzima aliyepata kuwa nayo. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu mama aliyejifungua mtoto wa namna hii huulizwa maswali mengi na mashangazi na majirani, ya chakula alichokula, ya dawa alizokunywa, ya mtu aliyemtazama kwa jicho baya, ilhali jambo lenyewe lilikwisha kupita kabla hata hajaanza kutapika kwa ajili ya mimba.

Dalili zake hazihitaji chombo cha thamani. Mtoto hawezi kumeza mate yake mwenyewe, kwa hiyo hutoka povu jeupe kinywani na puani, na ukilipangusa hurudi baada ya dakika chache. Akipewa titi, dang'a hujaza kile kifuko cha juu kisha humwagika katika njia ya hewa, naye hukohoa, hupaliwa, na midomo na ulimi hugeuka rangi ya samawati. Pengine dalili ilitangulia hata kabla ya kuzaliwa, kwa kuwa mtoto aliye tumboni mwa mamaye huyanywa maji yanayomzunguka, na akiwa hawezi kuyameza, maji hayo huzidi na tumbo la mama likawa kubwa kupita miezi yake. Mkunga mwenye shaka huchukua mpira laini akaupitisha kinywani. Ukikwama kiasi cha sentimeta 10 kutoka ufizini na kujikunja, basi shaka imekuwa yakini, na picha ya eksirei huonyesha mpira umejiviringa kifuani. Picha hiyo hiyo ikionyesha hewa tumboni, hujulikana kwamba lipo tundu chini, kwa sababu hewa haikuwa na njia nyingine ya kufika huko.

Hatari zinazomkabili ni mbili, nazo hutoka pande mbili zinazoelekeana. Kutoka juu huteremka mate na maziwa yasiyo na pa kwenda ila mapafuni. Na kutoka chini, kupitia katika tundu, hupanda asidi ya tumbo, ambayo huunguza mapafu vibaya kuliko maziwa. Fauka ya hayo, kila apumuapo, hasa akilia, sehemu ya hewa hukimbilia tumboni, tumbo likavimba na kulisukuma pafu juu, mpaka kupumua kwenyewe kukawa ndiko kunakomzuia kupumua.

Maarifa ya maradhi haya ni ya zamani kuliko dawa yake kwa zaidi ya miaka 200. Mwingereza William Durston aliandika habari za umio uliokatika mwaka 1670, alipochunguza mapacha walioungana. Na mwaka 1697 mwenziwe Thomas Gibson aliieleza sura ile iliyo ya kawaida zaidi, ya mtoto aliyeonyesha hamu ya chakula lakini kila kilichotiwa kinywani kikarudi kwa kumpalia, na alipokufa na kupasuliwa ikaonekana umio wa chini umeshikana na bomba la hewa. Baada ya hapo matabibu walikusanya visa, wakavichora na kuvipanga kwa namna zake, wala hapana aliyekuwa na la kumwambia mama. Mwaka 1888 Charles Steele wa London alijaribu kwa mkono wake, akidhani labda ni utando tu unaoziba, akakuta si utando bali ni pengo; na mwaka 1913 Richter wa Chicago alifikiri sawasawa kwamba la kwanza ni kulifunga tundu na kumlisha mtoto kwa njia ya tumboni, ila fikra yake ilitangulia zana za wakati wake, na watoto wake wakafa.

Mwaka 1939, katika miji miwili tofauti ya Marekani, Logan Leven huko Minnesota na William Ladd huko Boston walipata kila mmoja mtoto aliyeishi, bighairi ya kuuunganisha umio. Walilifunga tundu, wakaufungua umio wa juu nje ya shingo ili mate yatoke, wakatoboa tumbo la chakula ili mtoto alishwe kwa mpira, kisha baada ya muda mrefu, kwa upasuaji mmoja baada ya mwingine, wakatengeneza kwa ngozi ya kifua chake mwenyewe mfereji unaoteremka mbele ya mbavu na kuunganisha shingo na tumbo. Mtoto wa namna hiyo alikula, na chakula kilionekana kikipita chini ya ngozi ya kifua. Kazi hiyo si nzuri kwa macho, walakini ndiyo iliyowahakikishia wapasuaji kwamba kasoro hii si hukumu ya kifo.

Ndipo tunapofika Ann Arbor, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Michigan, tarehe 15 Machi 1941. Cameron Haight alikuwa amelelewa katika fani ya upasuaji wa kifua chini ya John Alexander, na fani hiyo siku zile ilikuwa ikiishi kwa ajili ya kifua kikuu, maradhi yaliyowazoeza wapasuaji wake kwenda polepole na kutozitegemea nusura za upesi. Aliletewa mtoto wa kike mwenye umri wa siku 12, ambaye kwa kudra ya Mungu alikuwa bado na nguvu. Haight aliingia upande wa kushoto, nyuma ya mgongo, wala hakuukata utando unaolizunguka pafu, bali aliusukuma kando taratibu pamoja na pafu lenyewe mpaka akafika kwenye umio. Akalifunga tundu, akazivuta ncha mbili za umio na kuzishona pamoja kwa safu moja ya mshono. Siku chache baadaye mshono ukavuja. Hapo ndipo wengi katika wale waliomtangulia walipopoteza watoto wao, na katika mwaka ule penisilini haijawa dawa ya watu. Lakini kilichovuja kilibaki nje ya utando, kikapata njia ya kutokea, na mahali pale pakajifunga penyewe. Kovu likabana njia, wakalitanua. Mtoto yule alikaa hospitali miezi 20 kabla ya kurudi kwao, akiwa wa kwanza katika historia ambaye umio wake uliunganishwa kwa upasuaji mmoja naye akaishi.

Miezi 20 ndiyo hesabu ambayo mimi huitazama zaidi katika kisa hiki. Vitabu humtaja Haight na uzi wake, jambo lililo haki yake, ila uzi ulikuwa kazi ya siku moja, na baada yake zilikuja siku mia sita za wauguzi waliokuwa wakipima matone ya maziwa, wakibadilisha pamba na vitambaa, wakimgeuza mtoto usiku ili kifua kisijae. Majina yao hayamo katika makala ya jarida. Maradhi haya hayaponi kwa kisu peke yake. Kisu huwa katikati, na kabla yake na baada yake pana watu wengi, ambao mmoja wao akizembea kazi yote huharibika.

Upasuaji wa leo unafuata njia ile ile kwa sehemu kubwa, ila aghalabu huingia upande wa kulia, kwa kuwa mshipa mkuu wa damu utokao moyoni kwa watu wengi hujipinda upande wa kushoto na kuzuia njia. Mtoto hulazwa ubavu, mkono wake umeinuliwa juu ya kichwa. Mpasuaji hupita kati ya mbavu, katika nafasi ya nne, akautenga utando wa pafu kwa ncha ya pamba yenye unyevu, jambo ambalo kwa mtoto wa kilo mbili na nusu huweza kuchukua muda mrefu kuliko mshono wenyewe. Hukutana na mshipa wa damu unaokatiza mbele ya uwanja wake, akaufunga na kuukata, na chini yake ndipo lilipo tundu. Umio wa chini hukatwa karibu na bomba la hewa, lakini si karibu mno hata bomba likabanwa, wala si mbali mno hata pakasalia kifuko cha kukusanya uchafu. Kisha bomba hufungwa kwa nyuzi nyembamba, na maji ya chumvi humiminwa juu yake ili ionekane kama hewa inatoa mapovu. Umio wa juu hutafutwa kwa msaada wa mtaalamu wa dawa ya usingizi, ambaye huusukuma mpira kinywani mpaka kifuko kikachomoza. Ncha mbili huletwa pamoja, na kwa nyuzi zinazoyeyuka, tano au sita au nane, hushonwa upande wa nyuma kwanza, kisha mpira mwembamba wa kulishia hupitishwa mpaka tumboni, ndipo ukafungwa upande wa mbele. Mishipa ya fahamu inayokwenda pamoja na umio huhifadhiwa kwa kadiri iwezekanavyo.

Mtaalamu wa usingizi ana mtihani wake pia, ambao watu wa nje hawaufikirii. Akiisukuma hewa kwa nguvu kabla tundu halijafungwa, hewa huliendea tumbo badala ya mapafu. Kwa hiyo hulazimika kuuweka mpira wa pumzi mahali pa hadhari, ncha yake ikivuka tundu ikiwezekana, na kumwacha mtoto apumue mwenyewe kwa kadiri atakavyoweza. Mpasuaji kwa upande wake huwa analisukuma pafu la kulia kila akitaka nafasi ya kushona, na mara kwa mara huambiwa asimame, pafu lipumue, ndipo aendelee. Tangu mwisho wa karne iliyopita wapo wafanyao haya yote kwa kamera na vyombo vyembamba vinavyoingizwa kwa matundu madogo, bila kufungua kifua. Ni ustadi wa ajabu, ingawa sioni kwamba hospitali isiyo na wauguzi wa kutosha wa watoto wachanga inapaswa kuanzia huko.

Pengo likiwa refu, ncha mbili hazifikiani. Wengine hungoja wiki nyingi mtoto akilishwa tumboni, na mate yakifyonzwa mchana na usiku, ili umio ukue wenyewe. John Foker wa Minneapolis alifundisha kuzivuta ncha hizo siku kwa siku kwa nyuzi za nje mpaka zikaribiane. Na palipokosekana yote, tumbo lenyewe hupandishwa kifuani au kipande cha utumbo mpana hutiwa badala ya umio.

Nani basi ataishi? Lewis Spitz na wenziwe wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, walitazama mwaka 1994 mambo mawili tu, uzito wa kuzaliwa na moyo, na wakaona kwamba mtoto wa gramu 1,500 au zaidi asiye na kasoro kubwa ya moyo huokoka mara 97 katika 100. Mwenye dosari moja kati ya mbili, uzito pungufu ya huo au kasoro kubwa ya moyo, mara 59. Na mwenye zote mbili, mara 22. Moyo umetajwa kwa sababu takriban nusu ya watoto hawa huwa na kasoro nyingine, za moyo, za uti wa mgongo, za figo, za mikono, au za njia ya haja kubwa isiyofunguka, na ndiyo maana daktari mwangalifu humgeuza mtoto na kumkagua mwili mzima kabla ya kuzungumza habari za kifua.

Hesabu za London hazitufai sisi kama zilivyo. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa hospitali 264 katika nchi 74, juu ya kasoro saba za kuzaliwa za tumbo na njia ya chakula, umio uliokatika ukiwa mmojawapo: katika nchi tajiri walikufa watoto 5.6 katika kila 100, katika nchi za kipato cha kati 20.4, na katika nchi maskini 39.8. Tofauti hiyo haikuletwa na uzi wala na vidole vya wapasuaji. Katika hospitali zetu za Afrika ya Mashariki wapo Muhimbili, wapo Kenyatta, wapo Mulago na Bugando, watu waliosomea kazi hii. Lakini mtoto aliyezaliwa zahanati ya mbali, akanyweshwa mara tatu nne kwa kudhaniwa kwamba ana mafua tu, akasafirishwa kwa basi siku ya pili amefunikwa kanga moja, hufika akiwa na nimonia na baridi mwilini, na mpasuaji huletewa maiti mtarajiwa. Na akipasuliwa salama, bado atahitaji mashine ya kupumulia, na chakula cha mishipani, na muuguzi asiyekuwa na watoto wengine 20 wa kuwatazama usiku ule. Ndiyo sababu pasipokuwa na hayo, wapasuaji hurudia hekima ya mwaka 1939: hulifunga tundu, hufungua njia ya kulishia tumboni, na kuuacha muungano kwa siku nyingine.

Kwa hiyo mtu wa kwanza katika tiba hii ni mkunga. Akiona povu linalorudi, asimpe mtoto chochote kwa kinywa, wala titi, wala maji ya glukosi, wala asali; na katika nyumba za pwani ambako mtoto huonjeshwa tende kaakaani kwa sunna, sidhani yupo shehe atakayeona ubaya ikiahirishwa mpaka ijulikane kama mtoto anameza. Amweke kichwa kimeinuka, amfyonze mate kila baada ya dakika chache, amvike kofia na kumlaza kifuani pa mamaye apate joto, na aandike katika barua ya rufaa kwamba mpira umekwama. Hayo hayana gharama kubwa, na hakuna mashine itakayoyafidia yakikosekana.

Zipo pia fistula za namna hii zisizo za kuzaliwa nazo. Betri ndogo za duara, za saa na za vitu vya kuchezea, zikimezwa na mtoto na kukwama kwenye umio, huanza kuunguza ndani ya saa mbili na huweza kutoboa mpaka kwenye bomba la hewa; na saratani ya umio, iliyo nyingi katika upande wetu wa Afrika, hufanya vivyo hivyo kwa watu wazima, nao aghalabu hawapasuliwi bali hutiwa ndani ya umio mrija wa kuliziba tundu, kazi ambayo hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, imeifanya kwa miaka mingi.

Mtoto aliyeunganishwa umio hurudi nyumbani na mambo yake. Kovu huweza kubana, akarudishwa kutanuliwa mara moja au mara kumi. Asidi hupanda, akahitaji dawa kwa miaka. Mara chache tundu hufunguka upya. Umio wake hausukumi chakula kama wa watu wengine, kwa hiyo nyama yake hukatwa vipande vidogo, ugali wake hulainishwa kwa mchuzi, na hufundishwa kutafuna sana na kunywa maji kati ya tonge na tonge. Bomba lake la hewa ni laini pale lilipokuwa na tundu, na kwa ajili hiyo hukohoa kikohozi kikavu chenye mlio mzito kama wa mbwa anayebweka, ambacho hudumu miaka mingi na hakiambukizi. Katika nchi yenye kifua kikuu kikohozi hicho humtia mashakani: hutengwa darasani, hupimwa makohozi, pengine huanzishiwa dawa zisizo zake. Mzazi na aihifadhi kadi ya upasuaji pamoja na cheti cha kuzaliwa, amwonyeshe mwalimu siku ya kumwandikisha, na amwonyeshe kila daktari mpya atakayemtibu mtoto kikohozi.